Tovuti ya darasa si kazi ya fundi peke yake

Wenzangu wa miaka ya juu wanaijua habari hii, lakini niirudie kwa faida ya wale waliofika juzi. Katika kitivo kimoja ninachokifahamu vizuri, walimu walitangaziwa siku moja kwamba kozi zote zitahamia kwenye jukwaa la kidijitali. Waliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili. Palikuwa na projekta, chupa za maji, na kijana hodari aliyebonyeza vitufe haraka kuliko macho ya watu yalivyoweza kufuata. Kila mwalimu aliondoka na cheti, pamoja na neno la siri lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Baada ya muhula mmoja jukwaa lile halikufunguka tena, maana ada ya seva haikulipwa. Tukarudi kwenye foleni ya fotokopi.

Watu wengi husema jambo hili lilishindikana kwa sababu ya umeme, intaneti na fedha. Sikatai. Lakini nadhani kuna sababu nyingine tusiyopenda kuitaja: tuliamini kwamba mwalimu anaweza kujifunza kazi hii kwa siku mbili, na kwamba tovuti ya darasa ni mali ya fundi wa kompyuta. Mimi naona kinyume. Tovuti ya darasa ni kazi ya ualimu, kama vile kuandaa somo au kutunga mtihani. Mwalimu lazima aijifunze mwenyewe, polepole, akianza na kozi yake. Na katika kitivo cha lugha za Kiafrika, jambo hili linatuhusu kuliko kitivo kingine chochote.

Nieleze kwa mfano. Mwalimu wetu mmoja wa fonolojia, ambaye sote tunamwita Mama Profesa, amefundisha toni za lugha za Kibantu tangu kabla sijazaliwa. Silabusi yake ilichapwa zamani kwa fonti ambayo kompyuta za leo haziitambui. Kila ilipofunguliwa kwenye mashine nyingine, alama za toni ziligeuka vijisanduku au zikahamia pembeni mwa herufi. Fotokopi ya fotokopi ilimaliza zilizobaki. Anayesoma toni anajua hasara yake. Chukua Lingala: moto ni mtu, motó ni kichwa, na mɔ́tɔ ni moto wa kupikia. Ondoa alama, geuza ɔ kuwa o, na maneno matatu yanakuwa neno moja. Katika mtihani mmoja, mifano ilitoka kwenye kurasa za namna hiyo. Nusu ya auditwari walichambua neno ambalo mwalimu hakuliuliza, na wako walioirudia kozi mwaka uliofuata. Hapakuwa na mtu mvivu, si mwalimu wala mwanafunzi. Karatasi ndiyo iliyosema uongo.

Nilikuwa mmoja wa waliokwenda kumweleza. Mama Profesa alinisikiliza, akaniuliza kama najua dawa yake. Nikamwambia kwamba ukurasa wa tovuti, ukihifadhiwa kwa mfumo wa Unicode, hubeba alama hizo bila kuzipoteza. Akasema, “Basi Jumamosi uje unifundishe.” Nilishtuka kidogo. Kwetu mtoto hamfundishi mama yake, na mwanafunzi hamfundishi profesa wake. Lakini yeye hakuona aibu, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa maana ya mwalimu kujifunza.

Hatukuwa na jukwaa wala seva. Tulikuwa na kompyuta yake ndogo, programu ya kuandikia maandishi matupu, na kivinjari. Watu wengi hawajui kwamba ukurasa wa HTML hauhitaji intaneti ili usomeke. Unaandika faili, unaihifadhi, unaibonyeza mara mbili, nayo inafunguka mbele yako hata umeme ukiwa umekatika, mradi betri ina nguvu. Mara ya kwanza alisahau kuhifadhi. Akatazama kioo, kisha akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: “Mwana, naisha kuandika, sasa ile maneno iko fasi gani?” Tukacheka, tukaanza upya. Jumamosi ya tatu aliweza kutengeneza kurasa mbili na kuziunganisha kwa kiungo bila kuniuliza. Jumamosi ya nne alinikosoa mimi.

Alinikosoa kwa jambo ambalo mafundi hulipita haraka. Juu kabisa ya kila ukurasa wa HTML kuna mahali pa kutaja lugha ya maandishi. Mimi niliandika “fr”, kwa kuwa kozi yetu ni ya Kifaransa, nikataka kuendelea. Yeye akanizuia. “Na mifano?” Mifano ilikuwa ya Kiluba. Tukatafuta alama yake: “lu” ni Kiluba cha Katanga, na “lua” ni Ciluba cha Kasai. Ukikosea herufi moja umehama mkoa. Tukafika kwenye Kiswahili. Kuna “sw” ya jumla. Katika orodha ya ISO 639-3 kuna pia “swh”, na peke yake “swc”, yaani Kiswahili cha Kongo. Tulizungumza saa nzima. Je, maelezo anayoandika yeye ni “sw” au “swc”? Sentensi alizorekodi sokoni ni zipi? Hilo ni swali la isimu halisi, tena lile tunaloliandikia kazi za mwisho wa masomo: wapi lugha inaishia na wapi lahaja inaanza, na nani ana haki ya kuamua. Fundi angejaza nafasi ile kwa sekunde moja. Mwalimu wa lugha alisimama hapo kwa sababu hapo ndipo kazi yake ilipo.

Wala si urembo. Programu zinazowasomea wasioona huitumia alama hiyo kuchagua sauti, na vivinjari huitumia katika kupendekeza tafsiri. Ukurasa wa Kiluba uliopewa jina la Kifaransa utasomwa kama Kifaransa kibovu. Tumelalamika miaka mingi kwamba mashine hazizijui lugha zetu. Basi mahali pa kuzitambulisha ni hapo, na sisi wenyewe tunapaacha wazi.

Jambo la pili alilojifunza halikuwa la kompyuta hata kidogo. Silabusi ni mto mmoja mrefu, unasoma toka ukurasa wa kwanza hadi wa themanini. Tovuti inakulazimisha kukata. Ilimbidi ajiulize kwa kila somo: mwanafunzi asome nini kabla ya kuja darasani, afanye zoezi gani akirudi nyumbani, asikie nini? Hilo la kusikia ndilo lililobadilisha kozi. Kwa miaka yote tulisoma toni kwa macho. Sasa kila mfano una sauti fupi ya mzungumzaji wa Kiluba, iliyorekodiwa kwa simu kwa ruhusa yake. Sekunde tano za sauti iliyobanwa vizuri hazizidi kilobaiti arobaini au hamsini. Niliposikia kwa mara ya kwanza tofauti niliyokuwa nimeikariri bila kuielewa, niliona haya kwa alama nzuri niliyopewa mwaka uliotangulia.

Hapa niseme neno juu ya historia yetu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970 kabla ya kwenda Amsterdam, alishirikiana na Vincent de Rooij kuweka kwenye tovuti hazina ya maandishi ya Kiswahili cha Katanga. Humo mna Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, ambayo André Yav aliitunga mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha waliokuwa maboyi wa Wazungu. Fabian aliichapisha kitabuni mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango, pamoja na maelezo ya isimu ya Walter Schicho. Mimi niliisoma mara ya kwanza kwenye simu. Maneno ya wazee wa mji wangu yalisafiri hadi seva ya Uholanzi ndipo yakanifikia mimi, ninayeishi karibu na barabara walizozitaja. Namshukuru aliyeyatunza. Lakini shukrani hiyo ina uchungu wake. Tovuti ile haikuhitaji maajabu, ilikuwa kurasa nyepesi za maandishi. Kilichokosekana kwetu ni mwalimu aliyefundishwa kwamba kazi hiyo nayo ni yake.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana wapo, na hoja zao si za kitoto.

Wa kwanza husema: silabusi ndiyo mkate wa asistenti. Hii ndiyo hoja ambayo watu huisema korido na kuinyamazia mkutanoni. Mshahara hauji kwa wakati, na mauzo ya silabusi hulipa kodi ya nyumba. Mwanafunzi anayedai kila kitu kiwe bure mtandaoni, bila kuuliza asistenti atakula nini, si mkweli. Lakini vilevile ni kweli kwamba yuko mwenzetu anayekosa kozi kwa kukosa pesa ya silabusi, na jina lake hukosekana kwenye orodha ya walionunua. Suluhisho si kumnyang’anya mmoja ili kumpa mwingine. Kitivo kinakusanya ada. Sehemu yake imlipe mwalimu kwa saa alizotumia kuandaa kurasa za kozi, na anayetaka kitabu cha karatasi aendelee kukinunua.

Wa pili husema: si wote wana simu nzuri wala megabaiti. Ni kweli, na ndiyo sababu nakataa majukwaa mazito. Tupige hesabu. Silabusi ya kurasa 80 iliyoskaniwa kama picha, kila ukurasa nusu megabaiti, ni megabaiti 40. Maneno yaleyale yakiandikwa kama maandishi, herufi 2,500 kwa ukurasa, ni takriban kilobaiti 200. Ni mara mia mbili pungufu. Folda ya Mama Profesa, pamoja na sauti zake, CP wetu huibeba kwenye flash na kuigawa kwa Bluetooth kabla ya somo kuanza. Asiye na simu huifungua kwenye kompyuta ya maktaba. Tunaiita tovuti, ingawa nusu ya wasomaji wake hawajawahi kuifikia kwa intaneti.

Wa tatu husema: kozi ni za Kifaransa, Kiswahili kinaingiaje? Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha hizo nafasi shuleni. Sisi ndio tunaosomea kuzifundisha. Kama hata ukurasa wa “karibu darasani” hatuwezi kuuandika kwa lugha tunayoisomea, tutamshawishi nani? Sisemi tufute Kifaransa. Nasema maelekezo, maswali na faharasa ya istilahi viwe kwa lugha mbili, na istilahi zinazokosekana tuzitunge pamoja darasani. Mwaka huu tulibishana wiki mbili juu ya neno la Kiswahili la kumaanisha toni inayoelea. Ubishi ule ulitufundisha kuliko tafsiri ya haraka.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, tena madogo. Kwanza, mafunzo ya walimu yasiwe ya siku mbili na cheti. Yawe ya muhula mzima, saa mbili kwa juma, kila mwalimu akifika na kozi yake mwenyewe na kuondoka na ukurasa mmoja unaofunguka. Pili, kazi hiyo ihesabiwe. Makala ya kurasa kumi huingia kwenye faili la kupanda cheo. Kozi iliyopangwa upya, yenye sauti na mazoezi, kwa nini isiingie? Tatu, wanafunzi wa miaka ya juu wanaojua kompyuta wakae na walimu wao kama wasaidizi wanaotambuliwa, na kazi hiyo ipewe alama kama mafunzo ya kazini.

Najua ombi la tatu ndilo gumu, kwa kuwa linagusa heshima. Mwalimu aliyezoea kujua mbele ya watu anaombwa asijue mbele ya watu. Hata mimi nilijifunza kitu Jumamosi zile: kumwonyesha mkubwa bila kumharakisha, kuondoa mkono wangu kwenye kipanya na kungoja atafute mwenyewe. Ndiyo kazi nitakayoifanya maisha yangu yote nikiwa mwalimu, na hakuna kozi iliyonifundisha hivyo.

Mama Profesa anastaafu baada ya muda si mrefu. Kurasa zake za maandishi tupu zinaweza kufunguliwa na atakayemfuata, akazisahihisha na kuziendeleza, bila kumwomba mtu neno la siri. Silabusi yake ya zamani ingekufa naye pamoja na fonti yake. Walimu wengine wa kitivo hiki wana mifano ya lugha ambazo wazungumzaji wake wanazeeka, iliyoandikwa kwenye daftari kabatini. Jumamosi niko huru.