Mswahili wa Buyenzi

Jumanne, Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kwenye gereji zile ambazo oili yake hutiririka hadi barabarani. Mteja aliahidiwa gari saa kumi. Saa kumi imefika, injini bado imelala juu ya turubai. "Fundi, uri umuswahili!" anasema, na wote wawili wanacheka. Katika Kirundi cha mjini, umuswahili ni mjanja, mtu wa maneno matamu, ambaye ahadi yake uikate nusu kwanza. Fundi hakukanusha. Alinyoosha shingo kama aliyevishwa cheo.

*

Sifa hiyo ina mizizi mirefu. Karne ya 19 watu wa pwani walifika Ziwa Tanganyika na misafara ya pembe na watumwa, makao yao Ujiji. Mmoja wao, Mohamed bin Khalfan, maarufu kama Rumaliza, alijaribu kupenya Burundi, na mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo akamzuia. Kwa hiyo Mrundi wa milimani alimjua Mswahili kama mtu wa kutiliwa shaka kabla hajakaa naye mtaa mmoja. Mwaka 1897 Wajerumani wakaweka boma Usumbura, Bujumbura ya leo. 1916 wakaja Wabelgiji. Mji ukakua kwa askari, wachuuzi na mafundi waliozungumza Kiswahili, na Wabelgiji wakawapa mtaa wao, Buyenzi, nje ya himaya ya machifu. Sasa mtu asiye na chifu, ng'ombe wala shamba la migomba, aishi kwa nini kama si kwa akili na ulimi? Wenye mashamba wakayaita maisha hayo ujanja.

*

Dar es Salaam nako husemwa "usiniletee Uswahili", tena kwa Kiswahili fasaha. Sisi wa Buja, yaani Bujumbura, walau tunatukanana kwa lugha ya jirani.

*

Kamusi husema asili ya jina Mswahili ni sawahil, neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Buyenzi pwani haiko mbali, ila ni ya ziwa, maji yake hayana chumvi.

*

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kimepata nafasi katika shule za msingi. Basi mtoto wa Rohero, mtaa wa wenye uwezo, anarudi nyumbani akikariri ngeli, na baba yake anamtania kwamba amekuwa umuswahili. Mtoto wa Buyenzi, ambaye amesema "niko nakuja" tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, anasahihishwa kwa wino mwekundu: "ninakuja".