Probiotiki za ng'ombe wa maziwa: faida ipo, lakini je, zinafika zikiwa hai?

Katika maduka ya dawa za mifugo nchini Kenya, Uganda na Tanzania, mfugaji anaweza kukuta pakiti zinazoahidi maziwa zaidi bila sindano. Hizi ni probiotiki, yaani bakteria au hamira hai ambazo ng'ombe huchanganyiwa kwenye chakula. Nyingi hutengenezwa ng'ambo, na husafiri mbali kabla ya kufika zizini.

Wataalamu wanakubaliana kuwa hamira hai hufanya kazi. Ndani ya tumbo la kwanza la ng'ombe hutumia hewa ya oksijeni inayoingia na chakula, na hivyo kuwapa nafasi bakteria wanaosaga nyasi. Husaidia pia kupunguza asidi, tatizo linalompata ng'ombe anayelishwa pumba na nafaka nyingi kuliko majani. Kwa ndama, bakteria wa jamii ya laktobasili husaidia kupunguza kuhara, ingawa hawachukui nafasi ya dang'a.

Hata hivyo, ongezeko la maziwa si kubwa kama matangazo yanavyodai. Uchambuzi wa watafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2009, uliojumlisha majaribio 157, ulikuta wastani wa gramu 1.2 za maziwa kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa ng'ombe. Kwa ng'ombe wa kilo 400 hiyo ni karibu nusu lita. Dozi ya siku ikigharimu zaidi ya bei ya nusu lita, mfugaji amekula hasara. Na ng'ombe mwenye njaa au kiu hataokolewa na pakiti.

Suala la pili ni dawa za antibiotiki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake kama kikuza mifugo kuanzia Januari 1, 2006, na hatua hiyo ikaongeza hamu ya probiotiki. Kwa Afrika Mashariki faida yake iko sokoni: maziwa yenye mabaki ya dawa huua kimelea cha mtindi, na kiwanda huyakataa. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele lazima atibiwe, na maziwa yake yasiuzwe hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Lakini kila ugonjwa unaozuiwa ni lita zinazobaki sokoni.

Biashara ya maziwa katika ukanda huu tayari ni nyeti. Machi 2023 Kenya ilisimamisha uagizaji wa maziwa ya unga, hatua iliyogusa pia viwanda vya Uganda. Mwuzaji asiyeweza kuthibitisha ubora wa maziwa yake ndiye wa kwanza kuumia.

Mipakani nako kuna swali: je, bidhaa hii ni chakula au ni dawa? Vituo vya pamoja vya Busia na Namanga, vilivyozinduliwa mwaka 2018, viliweka maofisa wa nchi mbili mahali pamoja, lakini jibu la swali hilo hutegemea sheria za kila nchi na maneno ya lebo. Wakati makaratasi yanazunguka, mzigo unakaa kwenye lori juani, na joto na unyevu huua vijidudu hivyo. Mfugaji atakayeununua atakuwa analipia vumbi.

Kwa hiyo mnunuzi aangalie lebo: jina la kijidudu, idadi ya walio hai kwa gramu, tarehe ya mwisho na joto la kuhifadhia. Serikali nazo zikiafikiana kuiweka bidhaa hii katika fungu moja, siku za kusubiri mpakani zitapungua.