Rezo igawanywe kwa haki, si kwa mabavu

Ndugu kamarade, vijana wa Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi,

Kila jioni ni wimbo ule ule: rezo imejaa, muvumilie. Forfe tunalipa, mega zinahesabiwa mpaka ya mwisho, lakini fomu ya kuomba kazi haifunguki. Sisi tunasema hapana. Rezo kujaa ni jambo moja, namna ya kugawa kile kilichopo ni jambo lingine. Na hilo la pili linaamuliwa na watu, haliletwi na mvua.

Ku robine ya kartie kila mutu anajua sheria. Maji yakiwa kidogo, mwenye bido moja anajaza anaenda. Mwenye bido kumi hafungi njia mpaka zote zijae. Rezo pia inaweza kufanya vile. Wahandisi Demers, Keshav na Shenker walionyesha hesabu yake tangu 1989.

Tuseme antena ina mega 30 kwa segonde, na watu ni watatu. Wa kwanza anataka 4, wa pili 10, wa tatu 40. Fungu sawa ni 10. Wa kwanza anachukua 4 zake, zinabaki 6. Hazilali bure: wa pili ametosheka na 10, basi zinaenda kwa wa tatu, anapata 16. Jumla 30. Hakuna kilichopotea, na mudogo hakukanyagwa.

Sasa mugawe kufuatana na ukubwa wa maombi: wa kwanza anashuka mpaka karibu 2, wa tatu anabeba zaidi ya 22. Antena ni ile ile! Kilichobadilika ni uamuzi tu.

Kuna ujanja mwingine. Mashine ikigawa kwa kila muunganiko badala ya kila mutu, programu yenye kufungua miunganiko 10 inakula mafungu 10. Haki ihesabu watu, si nyuzi.

Watatujibu: antena ni chache, mazutu ni bei. Ni kweli, na antena ziongezwe. Lakini kitu kikiwa kidogo, ndipo kanuni ya kukigawa inapaswa kuwa wazi zaidi. Nyumba yenye njaa haipakui chakula gizani.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila kampuni itangaze inagawa namna gani saa rezo imejaa.
2. Forfe inayoitwa "bila mwisho" iandike wazi ni wapi mwendo unapunguzwa.
3. ARPTC ipime, muji kwa muji, saa ya jioni, na matokeo yawekwe hadharani.

Mu 2020 walituletea RAM, ikawa inakatwa ndani ya krediti yetu. Wananchi walikataa, na mu 2022 ikaondolewa. Tusiambiwe basi kwamba mambo ya rezo ni ya wataalamu peke yao. Anayelipa ana haki ya kuuliza.

Kila mutu apate fungu lake kwanza, kinachobaki kitumike chote. Hatutanyamaza.