Saa ya mkono iingie katika jury pratique

Mwanafunzi wa elektroniki anaweza kumaliza sekondari akijua kuchora mizunguko ya umeme ubaoni, bila kuwahi kuunganisha nyaya mbili taa ikawaka. Shule ya ufundi isiyo na atelye haiwezi kumpa zaidi ya chaki. Lakini kuna kazi isiyohitaji atelye kubwa, na wenye kupanga jury pratique ya Examen d'État wangefaa kuifikiria: saa ya mkono ya elektroniki ambayo mwanafunzi ameiunda mwenyewe.

Ndani ya saa hiyo kuna kipande cha kwatzi, jiwe ambalo jina lake, Quartz, limeandikwa usoni mwa saa nyingi za sokoni. Likipewa umeme hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Hesabu hiyo haikuchaguliwa ovyo: igawanye kwa mbili mara 15, inabaki moja. Pigo moja kwa kila sekunde. Mwalimu wa hesabu anayeulizwa faida ya kugawa namna hiyo, jibu lake ni hilo.

Mapigo hayo huhesabiwa na kidude kidogo, mikrokontrola, ambacho mwanafunzi hukiandikia programu. Hapo ndipo penye raha. Saa ya dukani itamwonyesha 7:00 asubuhi, apende asipende. Ya kwake anaweza kuiamuru ionyeshe saa moja, kama mama yake anavyohesabu. Ao iongeze saa ya Kinshasa, iliyo nyuma ya Goma na Bukavu kwa saa moja.

Somo kubwa, hata hivyo, liko katika betri. Ile ya mviringo ya CR2032, ya volti 3, inabeba miliampea 220 hivi kwa saa moja. Vitaa vya nambari vikila miliampea 10 bila kuzimwa, betri inakwisha kwa saa 22. Kijana ataivaa kwa majivuno leo, kesho ataikuta imekufa. Ndipo atakapotia kitufe, ili vitaa viwake sekunde chache tu anapotaka kuona saa, na kidude kilale wakati mwingine wote. Kikilala kwa mikroampea 10, betri ile ile inaweza kukaa saa 22,000, yaani zaidi ya miaka miwili. Katika miji ambamo umeme unakatika kila mara, fundi anayejua hesabu hiyo atahitajiwa kwenye redio, kwenye taa za jua, hata kwenye kituo cha afya.

Vifaa vingine viko karibu. Fundi wa simu wa Birere ao wa Kadutu ana chuma cha kuchomelea, ana mita, ana na sanduku la mashini zilizokufa. Kwatzi hupatikana ndani ya saa ya ukutani iliyoharibika. Shule isione haya kumwita fundi huyo darasani, hata kama hana diploma, na imlipe. Mikrokontrola ndiyo ya kuagiza mbali, na hapo serkali inaweza kusaidia kwa kutotoza ushuru vifaa vinavyokwenda shuleni.

Wazazi watasema saa za China ziko sokoni kwa bei ya chini. Ni kweli. Ya mwanafunzi itakuwa nene, bila uzuri, na labda itapotea sekunde mbili kwa siku. Lakini ya sokoni ikifa inatupwa, na aliyeivaa hajajifunza kitu.

Kuna na jambo linalouma zaidi. Waya wa kuchomelea una bati, na bati hutoka katika kasiteriti, ile inayochimbwa Bisie, Walikale. Karibu nusu ya bati la dunia linaishia kwenye kazi hiyo ya kuchomelea. Madini ya Walikale yanayeyushwa ng'ambo, kisha tunauziwa simu na saa zilizokwisha kufungwa. Mtoto wa Kivu anayesoma elektroniki anapashwa, walau mara moja, kuyeyusha tone la bati kwa mkono wake.

Kusahihisha kazi hiyo si vigumu. Wenye jury wangeweka saa ya mwanafunzi kando ya simu, wakarudi siku ya tatu kuhesabu sekunde zilizopotea, kisha wakamwomba aeleze zimekwenda wapi.