Umeshapasuliwa mara moja, halafu unataka ukazalie nyumbani?

Leo tuweke pembeni kidogo habari za wivu na nani kamwacha nani, tuongee jambo zito. Mada ni ya uzazi. Na nyie akina kaka msikimbilie ukurasa wa mpira, kwani hizo mimba tunajipa wenyewe? Tulieni hapo hapo.

Kuna shoga yangu mmoja wa hapa hapa Dodoma, jina nalihifadhi, ana mimba ya miezi saba. Mtoto wake wa kwanza, ambaye sasa ana miaka mitatu, alimpata kwa operesheni. Juzi juzi ananiambia bila hata kupepesa macho: "Mwenzangu, huyu wa pili sitaki kisu. Nikifikisha mwezi wa tisa nakwenda kijijini kwa bibi, kuna mama mmoja anazalisha vizuri sana. Hospitali sikanyagi!"

Kijiji chenyewe kiko ndani ndani huko wilaya ya Mpwapwa. Mvua ikinyesha na korongo likijaa, hata bodaboda havuki. Nikaguna. Lakini kabla sijaanza kumhubiria nikamwuliza, kwa nini? Alichonijibu ndicho kilichonifanya nishike kalamu, maana najua hayuko peke yake.

Kwanza, maneno. Tangu atoke hospitali mara ile, mawifi wanamsema chini chini kwamba yeye "hajazaa, ametolewa mtoto". Eti mwanamke kamili ni yule aliyesukuma. Pili, alivyotendewa. Anasema mara ile alipewa karatasi asaini akiwa kwenye uchungu, hakuna aliyemweleza kwa nini anapasuliwa, na alipolia akaambiwa anyamaze, kwani wakati wa kuitafuta hiyo mimba alilia? Tatu, mshiko. Yeye ni mama lishe. Baada ya kisu alikaa wiki kadhaa hanyanyui ndoo wala sufuria, na biashara ikafa. Nne, na hii ndiyo kubwa, aliambiwa mtaani kwamba ukishapasuliwa mara moja, basi wewe ni wa kisu maisha. Kwa hiyo kwake hospitali maana yake ni kisu tu, na mlango pekee wa kukikwepa ni kwa bibi.

Msomaji wangu, hizo sababu si za kijinga hata kidogo. Mtu akikwambia anaogopa kutukanwa leba, usimcheke. Ila dawa aliyoichagua ni mbaya kuliko ugonjwa, na nitakwambia kwa nini.

Ukipasuliwa, wanachana ngozi, halafu wanachana na mfuko wa uzazi wenyewe. Vyote viwili vinashonwa na vyote viwili vinabaki na kovu. Kovu la nje unaliona ukioga. La ndani hulioni, na la nje haliwezi kukusaidia kulijua. Unaweza kuwa na mstari mzuri wa mlalo chini ya kitovu, kumbe ndani walichana kwa wima. Na hapo ndipo kuna tofauti kubwa. Kovu la mlalo, chini kwenye mfuko, linashika vizuri. Lile la wima lililopanda juu ni rahisi zaidi kuachia uchungu ukikolea.

Huo usemi wa kwamba kisu kimoja ni kisu milele una mwenyewe. Daktari mmoja wa New York, Edwin Cragin, aliuandika mwaka 1916. Enzi hizo madaktari walikuwa wanachana mfuko kwa wima, kwa hiyo hofu yake ilikuwa na maana. Baadaye, kuanzia miaka ya 1920, mkato wa mlalo ukaanza kushika kasi, na mambo yakabadilika. Leo wataalamu wanakubali kwamba mwanamke mwenye kovu moja la mlalo, asiye na tatizo jingine, anaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Wanaojaribu wakiwa hospitali, wakiangaliwa vizuri, karibu watatu kati ya wanne wanafanikiwa. Umesikia hiyo dada? Watatu kati ya wanne!

Sasa usiruke ukafunga mizigo ya kijijini. Hesabu ina upande wa pili. Kati ya wanawake 200 wenye kovu la aina hiyo wanaojaribu, mmoja hivi kovu linaachia na mfuko unapasuka. Utasema mmoja kwa 200 ni kidogo. Ni kidogo kweli, mpaka awe ni wewe.

Kovu likiachia, mama anavuja damu kwa ndani. Anaweza asione hata tone nje. Mtoto anakosa hewa humo humo. Hapo zinahesabiwa dakika. Hospitali iliyojipanga inalenga mtoto awe ametolewa ndani ya nusu saa, na hata hiyo wakati mwingine ni ndefu. Piga picha uko kijijini, saa nane usiku, korongo limejaa. Kutoka Kondoa mjini tu mpaka hapa Dodoma ni zaidi ya kilomita 150. Hata wewe wa Nkuhungu au Kizota unayesema "mimi hospitali iko hapo tu", hesabu vizuri. Kumtafuta mwenye gari, kubishana bei, kufika mapokezi, kuitwa daktari, kutafutiwa damu, kuandaliwa chumba cha upasuaji. Nusu saa imekwisha uko bado barazani!

Bibi zetu wakunga wametuzalisha wengi na heshima yao ipo pale pale. Lakini mkono wa bibi hauwezi kuliona kovu lako la ndani. Hana damu ya kukuongezea, hana mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto kila baada ya muda mfupi, hana pa kukupasulia. Halafu kuna zile dawa za miti shamba za kuongeza uchungu. Kwa mfuko wenye kovu, hizo ni petroli kwenye moto. Uchungu unakuja mkali bila kupumzika, na kovu linazidiwa nguvu. Na hata vile vidonge vya kuanzisha uchungu vinavyonunuliwa kinyemela dukani, ndugu yangu, ukiwa na kovu usiviguse.

Tena usidhani ni sisi tu wa dunia ya tatu tunaotishana. Uholanzi ni nchi ya Ulaya inayosifika kwa wanawake wake kuzalia nyumbani na mkunga aliyesomea. Hata huko, ukiwa umewahi kupasuliwa unaelekezwa hospitali. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani nacho kinasema kupasuliwa huko nyuma ni sababu tosha ya kutopanga kuzalia nyumbani. Wenye barabara na magari ya wagonjwa wanaogopa, sisi wa makorongo tunajiamini nini?

Basi nikamshawishi shoga yangu twende kliniki pamoja. Daktari, kijana tu mpole, akamwuliza maswali ambayo hakuwahi kuulizwa. Ulipasuliwa kwa nini? Lini? Una karatasi ya siku uliyotoka hospitali? Karatasi ilikuwa kwenye begi, imekunjwa na vyeti vya mtoto, na hajawahi kuisoma. Ikasomwa. Kumbe mara ile mtoto alikuwa amekaa matako, ndiyo maana akapasuliwa, na mfuko ulichanwa kwa mlalo. Miaka mitatu ameichukia nyonga yake, anasema haina njia, kumbe nyonga haikuwa na kosa lolote!

Daktari akamwambia: mtoto akigeuka vizuri na kondo likiwa limekaa mahali pake, utajaribu kusukuma. Ila ni hapa, na chumba cha upasuaji kikiwa mlango wa pili. Ikishindikana tunaingia humo mara moja.

Mpaka naandika haya hajaamua. Mama mkwe hajafurahi, bibi kule kijijini ameshaambiwa, na yeye mwenyewe bado anaiogopa leba. Sikumlaumu. Nimemwambia nitamsindikiza.

Sasa wewe unayesoma, kama una kovu na una mimba au unaitafuta, shika haya.

Uliza kovu lako la ndani ni la aina gani. Karatasi ya kutoka hospitali ni mali yako, itunze kama cheti cha shule. Kama huna, rudi ulikopasuliwa ukaombe waangalie kwenye faili.

Jua ulipasuliwa kwa nini. Mtoto kukaa vibaya ni sababu inayoweza isijirudie. Nyonga kuwa nyembamba kweli kweli ni habari nyingine.

Usiharakishe mimba. Kovu linahitaji muda likomae. Ukizaa tena kabla ya mwaka mmoja na nusu hivi kupita, hatari inapanda. Uzazi wa mpango si aibu.

Piga picha ya tumbo ili ijulikane kondo limekaa wapi. Kwa mwenye kovu, kondo linaweza kujibanza juu ya kovu na kung'ang'ania, na kila operesheni inayoongezeka hatari hiyo inaongezeka. Hilo haligunduliki kwa kupapasa tumbo.

Usijaribu kusukuma kama una kovu la wima, kama mfuko uliwahi kupasuka, au kama daktari ameshakwambia kondo limeziba njia. Hapo kisu ni rafiki yako. Mwenye makovu mawili au zaidi naye asijiamulie, amwone daktari bingwa.

Na dalili. Ukiwa kwenye uchungu halafu maumivu yakawa hayaachii hata uchungu unapopoa, au kovu likauma peke yake, au uchungu uliokuwa mkali ukakatika ghafla, au damu ikatoka, au ukahisi kizunguzungu, usingoje kukuche.

Wanaokaa mbali wasisubiri uchungu uwakute porini. Sogea mjini mapema kwa ndugu, au uliza kama kituo chenu kina nyumba ya kusubiria, ile ambayo wengine wanaiita chigonela. Na dharura ikitokea, kuna namba 115, unapiga bure. Huo ni mpango wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito na wazazi wenye dharura, ambao Rais Samia aliuzindua kitaifa hapa hapa Dodoma Aprili 2022. Iandike ukutani.

Kwa wahudumu nako nina neno. Takwimu za taifa zinaonyesha mwaka 2022 wanawake 81 kati ya 100 walijifungulia kwenye vituo, wakati mwaka 2015/16 walikuwa 63. Vifo vya uzazi navyo vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mpaka 104. Hiyo ni kazi kubwa, hongereni. Lakini tusi moja la leba linaweza kumrudisha mtu kijijini mimba inayofuata. Sista, mweleze mgonjwa kwa nini anapasuliwa. Inachukua dakika mbili.

Na nyie mawifi wa "hajazaa, ametolewa"! Mnadhani kupasua ni mambo ya kizungu? Mwaka 1879, mmisionari Mwingereza Robert Felkin alikuwa Kahura, huko Bunyoro, Uganda. Akamshuhudia mganga wa kienyeji akimpasua mwanamke na kumtoa mtoto. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyo hiyo ikatumika kuosha mikono ya mganga na tumbo. Kidonda kikafungwa kwa pini za chuma na nyuzi za magome ya mti. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona, mama na mtoto wazima. Sasa nani angekwenda kumwambia mama yule kwamba hajazaa? Aliyebeba miezi tisa, akachanwa tumbo, akaamka akanyonyesha, amezaa mpaka amepitiliza!

Kaka zangu, zamu yenu. Mkeo akiwa na kovu, nenda naye kliniki. Anza kuweka akiba ya nauli sasa hivi, mjue kabisa dereva gani mtamwita usiku. Tafuteni ndugu wawili wa kuchangia damu. Na dada zako wakianza kumsema, wanyamazishe wewe, usimwachie yeye.

Haya, nafasi imekwisha na mhariri anang'aka. Kama yamekukuta haya, ukasukuma salama ukiwa na kovu au ukarudi kwenye kisu, niandikie kupitia gazeti hili, jina lako nitalihifadhi. Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo. Kwaherini!