Feza za mwisho wa kazi: fundisho la Gécamines kwa wafanyakazi wa leo



Tarehe 22 Februari 2025, serikali yetu ilisimamisha kobalti isiuzishwe inje ya inchi. Katikati ya Oktoba biashara ilifunguliwa tena, lakini kwa kiasi kilichopimwa. Hapa Lubumbashi, kila nyumba yenye mutu wa migodi ilikumbushwa kwamba mushahara unaweza kusimama hata wakati madini ingali katika udongo.

Mwanzo wa mwaka uleule, ndugu zetu wa Goma na Bukavu waliona jambo lingine. M23 ilipoingia, banki zilifunga milango. Mwalimu mwenye feza katika konti hakuweza kuzigusa. Mambo haya mawili yanaleta ulizo moja: mutu wa kazi aweke wapi kitu cha uzee wake?

Katanga ilikwisha kusoma somo hili kwa machozi. Katika miaka ya 1980, Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Ilitoa pia nyumba, masomo, hospitali na posho. Wengi walisema kampuni ni baba na mama, na mutoto mwenye wazazi hafikiri sana juu ya akiba. Mugodi wa Kamoto ulianguka mwaka 1990, na kampuni yenyewe ikashuka nyuma yake.

Hata wale waliojiwekea akiba hawakupona. Mwaka 1993, zaire mupya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998, franga moja ikachukua nafasi ya zaire mupya 100,000. Tufanye hesabu: franga moja ilikuwa sawa na zaire za zamani miliari 300. Akiba ya maisha mazima ilikosa hata kununua kipande cha sabuni.

Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka katika mupango wa kuondoka kwa kupenda, kwa musaada wa feza za Banki ya Dunia. Kila mumoja alipewa feza za mara moja. Mwaka 2009, baadhi yao walipeleka malalamiko mbele ya kamati ya uchunguzi ya banki hiyo.

Ni vyepesi kusema wazee hao walikula vibaya. Lakini mutu aliyekaa miezi mingi bila mushahara ana deni la unga, la shule na la dawa. Feza zinapofika, zimekwisha kugawanywa. Kile kidogo kinachobaki kinaingia katika taxi ao duka, kazi ambayo mwenyewe hakuizoea.

Kwa hiyo, fundisho la kwanza: feza za mara moja si pensheni. Kwa CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS, mufanyakazi anakatwa 5% ya mushahara, na mwajiri anaongeza 13% kwa upande wake. Vijana wetu wengi leo wanafanyia makampuni madogo yanayotumikia migodi, kwa mikataba mifupi. Waulize: namba yangu ya CNSS ni ipi? Karatasi ya mushahara inaonyesha kwamba feza zilikatwa. Haionyeshi kwamba zilifika. Waende kwenye ofisi ya CNSS kuuliza kabla mukataba haujaisha, wakati mwajiri angali karibu.

Fundisho la pili: akiba isilale mahali pamoja. Katika Mwanzo 41, Yosefu hakujenga gala moja tu. Aliweka katika kila muji chakula cha mashamba yaliyouzunguka. Kwetu, likelemba inafaa kununua mabati ao kulipa masomo, lakini zamu ikipita hakuna kinachobaki kwa uzee. Banki inalinda na mwizi wa usiku, lakini vita inaweza kuifunga. Kiwanja kinadumu, lakini bila karatasi za kweli kinauzishwa kwa watu wawili. Kila njia ina hatari yake, na mwenye kugawanya hapotezi vyote siku moja.

Na anayeahidi faida kubwa kwa muda mufupi, tumuogope. Mwaka 1991, Bindo Promotion iliwavuta watu wengi Kinshasa kwa ahadi ya namna hiyo, kisha ikaanguka pamoja na akiba zao. Leo ahadi hiyohiyo inapita katika telefone, na mara nyingine anayeileta ni ndugu tunayeimba naye.

Fundisho la tatu ni kwa ndoa zetu. Bibi anajua namba ya CNSS ya bwana wake? Anajua karatasi za kiwanja ziko wapi? Mujane ambaye ndoa yake haikuandikwa kwa serikali anaweza kukosa haki yake ya pensheni, na ukoo ukachukua nyumba.

Parokia zetu zinaweza kusaidia bila feza nyingi. Mukutano mumoja kisha ibada, pamoja na ndugu anayejua sheria ya kazi, na kila jamaa ilete karatasi zake. Wazee wa Gécamines waketi mbele na wasemeshwe kwanza, kwa sababu wanajua mambo haya kuliko sisi wote.