Kabla ya kumlaumu Amorim, uliza nani alinunua sofa

Jumapili moja ya Septemba 2025, saa kumi na mbili na nusu jioni, nilikuwa kwenye benchi la kibanda cha mtaani, nimevaa jezi nyekundu ambayo mwezi Mei niliapa sitaivaa tena. Kufikia saa mbili na nusu mambo yalikuwa yameisha. Phil Foden moja, Erling Haaland mawili, Manchester City 3, Manchester United 0. Jamaa wa Arsenal aliyekaa nyuma yangu hakusema kitu. Alinigusa tu bega, kama mtu anayekupa pole matangani.

Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Tumefika mahali ambapo hata kutuchokoza hawaoni haja.

Mechi nne za ligi, pointi nne. Arsenal walitulaza 1-0 kwetu Old Trafford, tukatoka sare ya 1-1 na Fulham, halafu Burnley tukawaponea 3-2 kwa penalti ya Bruno Fernandes kwenye dakika za nyongeza. Katikati ya hayo kuna Grimsby, na usijifanye umesahau. Agosti 27, timu ya daraja la nne ilitubandua kwenye Kombe la Carabao kwa penalti 12-11 baada ya sare ya 2-2. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane. Nililala na viatu.

Wakati huo kila kundi la WhatsApp lilikuwa na wimbo mmoja: Ruben Amorim apigwe kalamu. Mimi sitamtetea. Kufikia Septemba 2025 alikuwa amesimamia mechi 31 za ligi na kuvuna pointi 31, na bado alikuwa akisema mfumo wake hautabadilika. Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Lakini kabla hujatia sahihi kwenye barua ya kumfukuza, hebu tukae chini tupige hesabu. Tangu Sir Alex Ferguson astaafu 2013 na taji letu la 20, tumeajiri na kufuta David Moyes, Louis van Gaal, Jose Mourinho, Ole Gunnar Solskjaer na Erik ten Hag. Kama shida ingekuwa kocha peke yake, mmoja wao angekuwa ametibu.

Fikiria mwenye nyumba mmoja hapo Roysambu. Kila mpangaji akiingia anaambiwa: chagua vitu unavyotaka, mimi nalipa. Wa kwanza anachukua sofa kubwa ya kona. Kabla haijapata hata vumbi anafukuzwa. Wa pili anaingia, anataka kitanda na meza ya kusomea. Sofa haina nafasi na mlangoni haipiti, kwa hivyo inauzwa kwa bei ya mitumba. Wa tatu naye anataka sofa. Mwenye nyumba anaendelea kulipa, halafu anashangaa mbona nyumba inakaa stoo.

Hiyo ndiyo United. Ukidhani natia chumvi, angalia hizi.

Jadon Sancho alinunuliwa Julai 2021 kwa pauni milioni 73, wakati wa Solskjaer. Novemba mwaka huohuo Solskjaer akatimuliwa. Ten Hag alipokuja wakakosana, kijana akatengwa, akapelekwa Borussia Dortmund kwa mkopo na akacheza fainali ya Klabu Bingwa Ulaya 2024. Baadaye Chelsea walimchukua kwa makubaliano ya kumnunua, wakaona heri walipe pauni milioni 5 wamrudishe. Septemba 2025 alikuwa Aston Villa, tena kwa mkopo.

Antony alikuja 2022 kwa takriban pauni milioni 82. Kwa pesa zetu hizo ni zaidi ya Sh14 bilioni. Alikuja kwa sababu moja: Ten Hag alimjua kutoka Ajax. Lisandro Martinez, Andre Onana, Matthijs de Ligt na Noussair Mazraoui pia walikuwa wamecheza chini ya Ten Hag kule Ajax. Wachezaji watano kutoka kwa daftari la simu la mtu mmoja! Antony alifunga mabao 12 katika mechi 96, na Septemba 2025 aliuzwa kabisa kwa Real Betis kwa karibu pauni milioni 19, pamoja na nusu ya faida wakimuuza tena. Yaani tulinunua gari jipya tukaliuza kwa bei ya magurudumu.

Wacha niongeze ya Ten Hag mwenyewe. Majira ya joto 2024 klabu ilitafuta mtu wa kumrithi, ikakosa, ikamwongezea mkataba. Ikamnunulia Leny Yoro, De Ligt, Mazraoui, Joshua Zirkzee na Manuel Ugarte. Oktoba 28, akafutwa. Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo waliyemsubiri miezi na kulipa Newcastle ili wamwachilie, naye alidumu miezi mitano tu.

Halafu wakamleta Amorim. Huyu kila mtu alijua anacheza 3-4-3. Ndiyo ilimpa mataji mawili ya ligi ya Ureno na Sporting. Mfumo huo hauna mawinga wa pembeni wa kawaida. Sasa kumbuka kikosi alichokikuta kilikuwa kimejengwa juu ya nini: mawinga! Marcus Rashford, Alejandro Garnacho, Antony, Sancho. Kufikia Septemba 2025 Rashford alikuwa Barcelona kwa mkopo, Garnacho alikuwa ameuzwa Chelsea kwa pauni milioni 40, na hao wengine wawili nimeshakwambia. Wanne wote nje. Huwezi kuajiri fundi wa mbao, umpe mashine ya kuchomelea vyuma, halafu umkemee kwamba kabati halijaisha.

Utaniambia mwaka 2025 walijirekebisha. Kidogo, ndiyo. Bryan Mbeumo na Matheus Cunha wanaijua EPL, si watu wa kubahatisha. Lakini waliongeza Benjamin Sesko, halafu Rasmus Hojlund aliyegharimu hadi pauni milioni 72 mwaka 2023 wakamsukuma Napoli kwa mkopo. Zaidi ya pauni milioni 200 ziliishia kwa washambuliaji watatu, na kiungo wa kati hata mmoja hakuletwa. Mfumo wa Amorim ulikuwa na viungo wawili tu pale kati. Mara nyingi walikuwa Bruno, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 31, na Casemiro aliyekuwa na 33. Kobbie Mainoo, mtoto wa nyumbani aliyefunga kwenye fainali ya Kombe la FA 2024 tulipowapiga City haohao, alikuwa akikaa benchi, na alipoomba aende kwa mkopo akakataliwa. Jumapili hiyo ulishangaa City wanapita katikati kama wako Uhuru Park? Mimi sikushangaa.

Sasa swali linalofaa kukukera ni hili: nani analipa?

Kwenye vitabu vya klabu, bei ya mchezaji hugawanywa kwa miaka ya mkataba wake. Antony wa milioni 82 kwa mkataba wa miaka mitano ni zaidi ya milioni 16 kila mwaka, afunge asifunge. Lakini mchezaji uliyemlea mwenyewe hana bei ya kununuliwa, kwa hivyo ukimuuza, pesa yote inaandikwa faida. Ndiyo maana klabu ikibanwa na kanuni za matumizi, wa kwanza kuuzwa ni mtoto wa nyumbani. Scott McTominay alikuwa akademia yetu tangu akiwa mdogo. Tulimuuza Napoli Agosti 2024 kwa takriban pauni milioni 25. Msimu huohuo akatwaa ligi ya Italia na kutawazwa mchezaji bora wa Serie A. Sisi tukamaliza nambari 15 na pointi 42, matokeo mabaya zaidi tangu tuliposhushwa daraja 1974, na tukapoteza fainali ya Europa kwa Tottenham waliomaliza nambari 17. Yaani tuliuza mtoto ili tulipe deni la sofa.

Na si McTominay peke yake. Baada ya Sir Jim Ratcliffe kuingia na hisa zake 2024, wafanyakazi wapatao 250 walipoteza kazi. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba wengine hadi 200 watafuata. Chakula cha bure cha wafanyakazi kikaondolewa. Tiketi zilizobaki za msimu wa 2024/25 zikapandishwa hadi pauni 66, mtoto na mzee bei moja. Machi 2025 Ratcliffe mwenyewe alikiri kwenye mahojiano kwamba klabu bado ilikuwa inalipia wachezaji ambao si yeye aliyewanunua, akawataja kwa majina. Mama anayepika Old Trafford hakumsajili Antony. Lakini ni sahani yake iliyoondolewa mezani.

Kuna wanaofanya vingine. Mbeumo huyu tuliyemlipia pauni milioni 65 na nyongeza, Brentford walimtoa Troyes ya Ufaransa 2019 kwa takriban milioni 6, wakati wao wenyewe wakiwa daraja la pili. Brighton walimchukua Moises Caicedo kwa bei ya chini ya milioni 5, wakamuuza Chelsea kwa zaidi ya milioni 100. Na Graham Potter alipowatoroka Septemba 2022, hawakubomoa kikosi. Walitafuta kocha anayefaa wachezaji waliokuwapo, Roberto De Zerbi, wakamaliza nambari sita. Siri ni moja: klabu ndiyo inaamua inacheza vipi, halafu inatafuta kocha na wachezaji wa kufaa hapo. Kwetu ni kinyume.

Sasa wacha niguse kidonda chetu, mimi na wewe. Sisi mashabiki tuna mkono katika hii stori. Fabrizio Romano akitangaza jina jipya, tunasherehekea kuliko bao. Julai tunajaza mitandao kwa kelele, "nunua mtu! nunua mtu!", na hakuna anayeuliza huyo mtu atacheza wapi. Mwaka 2022 tulipopigwa 4-0 na Brentford mwezi Agosti, kilio chetu ndicho kilifanya wakimbilie sokoni wakilipa bei yoyote. Wiki hizo ndipo walikuja Casemiro na Antony. Nilishangilia. Nilibadilisha hata picha ya wasifu. Kwa hivyo nikiandika haya simnyoshei mtu kidole, najisomea pia mimi.

Na kama unadhani haya ni mambo ya Wazungu matajiri, nikurudishe Kasarani. Agosti 2025, siku tano tu kabla ya aibu ya Grimsby, Harambee Stars walitoka CHAN robo fainali kwa penalti dhidi ya Madagascar. Kabla ya hapo waliwapiga DR Congo 1-0, Morocco 1-0, Zambia 1-0 na kutoka sare ya 1-1 na Angola. DR Congo na Morocco walikuwa wameshinda kombe hilo mara mbili kila mmoja. Kenya ilikuwa inalicheza mara ya kwanza, na kikosi chote kilitoka ligi yetu ya nyumbani. Kocha? Benni McCarthy, yuleyule aliyekuwa akinoa washambuliaji wa United chini ya Ten Hag hadi 2024.

Najua timu ya taifa hainunui wachezaji. Ndiyo maana mfano huu unauma. McCarthy hakuwa na soko la kukimbilia. Aliangalia vijana aliokuwa nao, akapanga timu inayowafaa, na Kasarani ikajaa. Kwa mwezi mmoja tulionja ladha ya timu inayojua inachofanya.

Kwa hivyo dirisha la Januari likifunguliwa, na litafunguliwa tukiwa bado tunalia, nakuomba kitu kimoja. Kabla ya kushangilia jina, uliza maswali matatu. Atacheza nafasi gani kwenye mfumo uliopo? Kocha akifutwa kesho, bado atakuwa na kazi? Na nani atauzwa ili yeye alipiwe? Kama huna jibu la hata moja, hiyo ni sofa nyingine tu.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya Chelsea. Garnacho tayari alikuwa wao. Mimi nilipanga kuwa pale kwenye benchi, jezi ileile. Yule jamaa wa Arsenal tayari alikuwa ameniwekea nafasi karibu naye.